Maisha ya Kanoni Apolo Kivebulaya, Mgeni Aliyerudi Boga



Kamati iliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja kwa ajili ya toleo hili la ukumbusho, majina mengi yalitajwa. Wengine walitaka mtu wa siasa, lakini tuliona upesi kwamba kila mwanasiasa aliyetajwa alikuwa shujaa kwa nusu ya kikao na adui kwa nusu ya pili. Nilipomtaja Apolo Kivebulaya, mzee mmoja alipinga. Alisema huyo ni mtu wa Waanglikana, na hapa tuko pia Wakatoliki, Wapentekoste, Waadventista, watu wa CECA 20 na ndugu zetu Waislamu. Neno lake lilikuwa la haki. Mimi nilijibu kwamba Apolo hakuwa Mhema, wala Mlendu, wala Mngiti, wala Mnyali, wala Mmbuti. Alikuwa mgeni kwa watu wote wa Ituri. Alivuka mto Semliki kwa njia ileile ambayo wengi wetu tuliivuka, ila yeye alikuwa akielekea upande ule ambao sisi tuliukimbia. Baada ya hapo wazee waliniruhusu kuandika, kwa sharti moja, kwamba nisifanye mahubiri. Nitajitahidi.

Apolo alizaliwa karibu mwaka wa 1864, mahali paitwapo Kiwanda katika Singo, nchi ya Buganda. Alikuwa pacha, na kwa kuwa alitangulia kutoka, aliitwa Waswa kwa desturi ya Waganda. Jina lake lingine lilikuwa Munubi. Baba yake aliitwa Kisawuzi. Hapakuwa na shule wakati wa utoto wake. Kijana alijifunza kwa kukaa na mkubwa fulani, na Waswa aliwekwa kwanza kwa mganga wa mizimu ili ajifunze kazi hiyo. Hakudumu nayo. Baadaye aliingia katika Uislamu kwa muda, maana Uislamu ulikuwa umefika Buganda kabla ya Ukristo na ulikuwa na nguvu kubwa ikuluni. Kisha akasikia mafundisho ya Alexander Mackay, mmisionari Mskochi aliyekuwa fundi wa chuma, seremala na mpiga chapa.

Mwaka wa 1888 vita vya dini vilianza Buganda. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa zamu, wakafukuzana nchini, wakachomeana nyumba. Waswa alikuwa askari katika vita hivyo. Natoa habari hii mapema kwa makusudi. Tunapenda kusimulia maisha ya watu wa Mungu kana kwamba walizaliwa wakiwa wazee wenye mvi na Biblia mkononi. Huyu alishika bunduki akiwa kijana, alikunywa pombe na kuvuta bangi, na aliona majirani wakiuana kwa jina la dini. Vijana wa hapa waliopita mambo hayo wajue hivyo.

Alibatizwa mwaka wa 1895, akachukua jina la Apolo, yule wa Matendo ya Mitume aliyejua kunena vizuri. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Kwa Kiganda maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Inasimuliwa kwamba alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu yake nyeupe, na watu wakamcheka kwa jina hilo likamshika mpaka kaburini. Alikuwa ameoa, lakini mke wake alifariki mapema. Apolo hakuoa tena. Watoto aliokuja kuwalea baadaye, na walikuwa wengi, walikuwa watoto wa watu wengine.

Miaka hiyo kanisa la Buganda lilikuwa likituma walimu kwenda nchi za jirani. Wengi hawakuwa mapadri. Walikuwa vijana waliojua kusoma, wakapewa vitabu vichache na baraka, wakaambiwa waende. Mshahara wao ulitegemea michango ya kanisa lenyewe, na ulikuwa mdogo sana. Walimu wenzangu wa hapa, mnaopokea ile posho ya mwezi tunayoijua wote, mtaelewa bila mimi kueleza zaidi.

Apolo alitumwa Toro, nchi iliyo chini ya milima ya Rwenzori, ambako mfalme Kasagama alibatizwa Machi 1896 akaitwa Daudi. Kutoka Toro habari zilivuka Semliki hadi Boga, ambayo wakati ule watu waliiandika Mboga. Boga iko juu ya ukingo wa magharibi wa bonde. Ili kufika huko kutoka Toro ni lazima kuzunguka ncha ya kaskazini ya milima, kushuka katika bonde lenye joto kali, kuvuka mto, kisha kupanda tena. Chifu wa Boga aliitwa Tabaro. Alikuwa Mhema, na Boga ilihesabiwa kuwa chini ya mfalme wa Toro. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia huko, lakini walirudi kwa sababu ya njaa, maana chifu alikataza watu wasiwape chakula. Kanisa lilipouliza nani atakwenda mahali pao, Apolo alikubali. Aliingia Boga mwishoni mwa mwaka wa 1896.

Hapa naomba tumtendee haki Tabaro, ambaye katika vitabu vya watoto huchorwa kama mtu mbaya tu. Walimu Waganda walikuwa wakifuata nyayo za askari. Miaka michache kabla ya hapo majeshi yalikuwa yamepita Toro, yamejenga ngome na kuwaweka wafalme kwenye viti. Chifu anapomwona kijana wa Kiganda mwenye koti jekundu akipanda kilima chake, ana sababu ya kujiuliza ni nani anayekuja nyuma yake. Zaidi ya hayo, mwalimu huyo alihubiri dhidi ya pombe na dhidi ya wake wengi. Pombe ya ndizi ilikuwa ndiyo ukarimu wa chifu, na wake wengi ndiyo heshima yake. Kwa hiyo ugomvi wao ulikuwa na mizizi.

Amri ya kumnyima chakula ilikuwa bado ipo. Apolo alifanya jambo ambalo wale wa kwanza hawakulifanya: alishika jembe. Alilima shamba lake mwenyewe, akapanda, akangoja. Jambo hili linaonekana dogo, lakini sisi tuliofika hapa tukapewa kipande cha ardhi chenye majani marefu tunajua maana ya kungoja mavuno ya kwanza. Mtu mwenye kitabu alitazamiwa aketi na kuletewa chakula. Walipomwona ana matope miguuni kama wao, baadhi walianza kumsogelea.

Wakati ule kujiunga na Ukristo na kujifunza kusoma vilikuwa jambo moja. Mtu aliyetaka ubatizo aliitwa msomaji. Ngoma ililia asubuhi, watu wakaja katika kibanda cha matete na nyasi, wakatamka silabi pamoja, wakasali, wakaenda mashambani. Vitabu vilikuwa vya Kiganda, maana Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka wa 1896, na Injili za lugha ya Kinyoro na Kitoro zilikuja baadaye. Kwa hiyo watu wa Boga walijifunza mambo mawili kwa mara moja, herufi na lugha ya kigeni. Mimi nafundisha darasa la tatu ambalo watoto wake wanasema Kihema, Kingiti, Kialur, Kibira na Kiswahili cha Bunia nyumbani, na wanatakiwa wasome Kiingereza. Nikichoka humkumbuka mwalimu yule na matete yake.

Wasomaji walipoongezeka, Tabaro aliongeza ukali. Apolo alipigwa kwa amri yake, tena kipigo kikali. Hakuondoka.

Kisha, mwaka wa 1898, lilitokea jambo zito. Dada wa Tabaro aliangukia mkuki akafa. Hakuna aliyemchoma, ilikuwa ajali. Lakini msiba katika nyumba ya mkubwa hutafuta mtu wa kubeba lawama, na mara nyingi hubebeshwa mgeni. Apolo alishtakiwa kuwa ndiye aliyemuua. Alifungwa kamba, akavushwa Semliki hadi Toro, akatiwa katika gereza la ngome ya Waingereza huko Fort Gerry, mji ambao leo unaitwa Fort Portal. Angalieni kwamba wale waliodhaniwa kuwa walinzi wake ndio waliomfunga. Koti jekundu halikumsaidia.

Alikaa gerezani na minyororo, bila kujua kesi itakwenda vipi. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoyatoa mara nyingi katika miaka iliyofuata, huko alimwona Yesu katika maono, aking'aa kama jua, akamwambia asiogope na aendelee kuhubiri kwa maana yuko pamoja naye. Kila msomaji atalipokea jambo hili kwa imani yake. Mimi naandika tu kwamba yeye alilishika maisha yake yote, na kwamba baada ya usiku ule hakuonekana tena kumwogopa mtu.

Shtaka halikuthibitishwa, akaachiliwa huru. Sasa alikuwa katika nchi ya Toro, kati ya rafiki, penye kanisa kubwa na chakula. Hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki. Kazi ya kufundisha ilikuwepo Toro pia, nyingi. Yeye alishuka tena bondeni, akavuka mto na kupanda kilima cha Boga.

Nimefikiri sana juu ya safari hiyo ya pili. Ya kwanza mtu anaweza kuifanya kwa ujana au kwa kutojua. Ya pili alijua kila kitu: alijua fimbo, alijua kamba, alijua sura ya mtu aliyemsingizia damu. Na huyo ndiye mtu wa kwanza aliyepaswa kwenda kumsalimu, kwa kuwa ndiye mwenye nchi.

Tabaro alishangaa. Hakutarajia kumwona tena, na hasa hakutarajia kumwona bila madai wala kisasi. Haikuwa siku moja, lakini mwishowe chifu mwenyewe aliomba kufundishwa. Alibatizwa akaitwa Paulo. Jina lilichaguliwa vema, kama mnakumbuka Paulo alikuwa nani kabla ya kuitwa Paulo. Tangu hapo mkono uliokuwa ukizuia chakula ulisaidia kazi ya kanisa.

Nitasimama hapa kidogo kwa habari ya kwetu, kwa sababu kamati ilitaka maandishi yaguse makazi yetu.

Mwaka jana, msimu wa mvua, upepo uling'oa turubai na miti ya nyumba ya mama mmoja mjane katika kijiji cha jirani. Siku hizohizo kikundi chetu cha vijana wa kanisa kilikuwa kimejitolea kujengea wazee na wajane. Jina la mama huyo lilipoletwa, kimya kiliingia. Hakuwa wa kabila letu. Wawili kati ya vijana wale walipoteza baba mwaka wa 2018, na wanaamini kwamba waliofanya hivyo walitoka upande wa mama yule. Hatukuwalazimisha. Kiongozi wa maombi alipendekeza tusali kwanza kwa juma moja kabla ya kuamua, na mimi niliona kwamba tunatumia maombi kama njia ya kuchelewesha, nikasema hivyo, nikakemewa. Juma lilipita. Mama aliendelea kulala kwa jirani yake, yeye na wajukuu wanne. Siku ya nane vijana sita walikwenda na panga na kamba. Mmoja kati ya wale wawili alikuwa miongoni mwao. Alikata miti tangu asubuhi mpaka jioni bila kusema neno na mtu, na chakula alichopikwa na mama yule hakukila. Wa pili mpaka leo hajakwenda, na bado ni mshiriki wa kikundi chetu. Sijui la kuandika zaidi juu ya jambo hilo, nalileta kama lilivyo.

Turudi kwa Apolo. Alifanywa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi mwaka wa 1903. Miaka mingi iliyofuata aliitumia katika Toro, akitembea kwa miguu kutoka kanisa hadi kanisa, akijenga, akifundisha walimu wengine. Ni miaka yenye kazi nyingi na visa vichache, nami nitaipita.

Wakati huo mambo makubwa yalifanyika mbali na Boga, bila watu wa Boga kuulizwa. Waingereza na Wabelgiji walikuwa wakibishana juu ya mpaka. Mkataba wa mwaka wa 1910 uliiweka Boga upande wa Kongo ya Wabelgiji. Mto ambao mwanzoni ulikuwa maji tu ya kuvuka ukawa mwisho wa serikali moja na mwanzo wa nyingine. Watu wa ukoo mmoja walijikuta katika nchi mbili, na kanisa la Boga likajikuta limetengwa na mama yake aliye Uganda. Kwa Wabelgiji lilikuwa kanisa geni, la Waingereza, katika nchi ambayo Wakatoliki ndio walioungwa mkono na serikali. Wakristo wa Boga walibaki kama kondoo waliokatwa na mto uliofurika. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Apolo alirudi kukaa nao, na safari hii alirudi moja kwa moja. Alikuwa amekwisha pita miaka hamsini.

Nyumbani kwake Boga palijaa watoto. Alipokea yatima na watoto waliotumwa kwake kusoma, akawalisha kwa shamba lake. Hakuweka mali. Walioandika habari zake wanakubaliana juu ya jambo hili, kwamba alipopewa kitu kilipita mikononi mwake na kwenda kwa mwingine. Aliandika kitabu cha kumbukumbu za kila siku kwa Kiganda, maneno mafupi ya safari, ubatizo, wagonjwa na majengo.

Magharibi ya Boga msitu unaanza, ule msitu mkubwa wa Ituri. Humo waliishi Wambuti. Kuanzia mwaka wa 1921 Apolo, akiwa na umri ambao wengine hutafuta kivuli na kiti, alianza kuingia msituni kwa ajili yao.

Wambuti walihesabiwaje na majirani zao? Walileta nyama na asali vijijini, wakapokea ndizi na vyuma, na mara nyingi mwanakijiji alisema kwamba familia fulani ya Wambuti ni ya kwake, kama mtu asemavyo mbuzi ni wa kwake. Wengi hawakuamini kwamba kuna haja ya kuwafundisha. Hata Wakristo wa Boga, ambao wenyewe walikuwa wamefundishwa na mgeni, hawakuwa wameona kwamba watu hao wa msituni ni majirani. Na ninyi wazazi mtanisamehe, lakini nasikia neno mbilikimo likitumiwa kama tusi katika uwanja wa shule yetu, na watoto hawakulivumbua wenyewe.

Apolo hakuwaita Wambuti waje kilimani. Aliwafuata walipokuwa. Mwanzoni walijificha, kwa kuwa mtu mwenye nguo ndefu anayeingia msituni kwa kawaida anataka kitu. Alikaa nao, alikula chakula chao, alirudi tena na tena mpaka wakamzoea. Alijitahidi juu ya lugha yao, na Injili ya Marko ilitafsiriwa kwa lugha hiyo. Kabla ya kufa kwake aliwaona Wambuti wa kwanza wakibatizwa, wakiingia katika kanisa moja na watu waliodhani kwamba wanawamiliki. Sitasema kwamba tangu siku ile walitendewa sawa. Mtu yeyote wa Ituri anajua kwamba si kweli. Lakini walikaa kwenye viti vilevile, na hilo halikuwahi kuonekana kabla.

Mwaka wa 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa padri Mwafrika wa wakati ule. Watu wa Ulaya walianza kuandika vitabu juu yake. Picha zake zinamwonyesha mzee mwenye uso mpole. Yeye alirudi msituni.

Mwaka wa 1933 moyo wake ulikuwa umechoka. Alikuwa Uganda kwa matibabu alipofahamu kwamba hana siku nyingi, akaomba arudishwe Boga. Kampala palikuwa na madaktari, na ndugu zake wa damu walikuwa Buganda. Lakini alitaka kulala kwa watu aliowachagua. Alirudishwa, akafariki huko tarehe 30 Mei 1933.

Kanisa la Boga lilikaa dogo kwa muda mrefu. Kisha watoto wa Boga walienda kutafuta kazi na masomo, Bunia, Butembo, Kisangani, Bukavu, na kila walipofika walikusanyika kusali kama walivyozoea nyumbani. Dayosisi ya Boga iliundwa mwaka wa 1972, na mwaka wa 1992 kanisa la nchi yote, iliyoitwa Zaire wakati huo, likawa jimbo lenye askofu mkuu wake. Yote yalianzia kwenye kile kibanda cha matete.

Wengi mnajua yaliyofuata, nami sitayaeleza kwa urefu. Kulikuwa na vita vya Ituri kuanzia mwaka wa 1999, watu wakavuka Ziwa Albert kwa mitumbwi, wakarudi, wakavuka tena tangu mwisho wa 2017. Na usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, yaani usiku ule wa siku ambayo kanisa humkumbuka Apolo, Boga na Tchabi zilishambuliwa, watu zaidi ya 50 wakauawa. Wengi wao walikuwa watu waliokimbilia hapo kutoka vijiji vingine. Mimi na mke wangu na mtoto wetu wa kwanza tulivuka Semliki baada ya siku nne. Sikubeba kitu cha maana isipokuwa cheti changu cha chuo cha ualimu, kimefungwa katika mfuko wa plastiki, nacho ndicho kilichonipatia kazi hapa.

Wanafunzi wangu walipenda sana sehemu moja ya habari hii, na waliniomba nisiisahau. Apolo aliagiza jinsi atakavyozikwa. Desturi ilitaka kichwa cha maiti kielekezwe upande mwingine, lakini yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi yake ya huko haikuwa imekwisha. Walifanya hivyo. Mtoto mmoja wa Boga, ambaye bibi yake alimwonyesha kaburi lile kabla ya kukimbia, alisimama mbele ya darasa akawaonyesha wenzake kwa mkono mahali kilipo kichwa na mahali ilipo miguu. Miguu, alisema, iko huku, upande wetu.